Kigoma hadi Idjwi, kumtafutia binti jina la baba

Ijumaa, 21 Juni 2024. Kigoma – Bujumbura

Mwishoni mwa Mei Mama Mdogo alinipigia simu kutoka Bukavu. Salamu zilikuwa fupi. "Mwanangu, shule ya manesi inataka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na cheti hakuna. Wewe ni mwalimu, unajua kuongea na watu wa ofisi. Njoo." Mtoto anayemsema ni mjukuu wake, binti wa dada yangu. Ana miaka 15. Baba yake alikuwa askari wa kulinda amani, aliyetoka bara jingine kabisa. Nchi ya huyo baba siitaji humu, wala jina la binti, kwa sababu mwenyewe ameniomba hivyo.

Nilingoja shule zifunge. Leo saa kumi na moja alfajiri nimetoka Mwanga na kilo tatu za dagaa, dumu la mawese na bahasha ya akiba yangu. Mpakani Manyovu mhuri, ng'ambo Mugina mhuri, kisha gari ndogo hadi Nyanza-Lac na Rumonge, ziwa likiwa mkono wa kushoto njia nzima. Burundi hakuna mafuta. Magari yamepanga foleni vituoni, madereva wamelala ndani. Wetu alinunua ya chupa njiani na nauli ikapanda hapo hapo. Nimefika Bujumbura usiku, nimechoka.

Jumamosi, 22 Juni. Bujumbura – Uvira

Gatumba bado iko ndani ya maji. Ziwa Tanganyika lilipanda mwezi wa nne na wa tano, na nyumba nyingine zimebaki mapaa tu juu ya maji, watoto wakivua samaki pale palipokuwa uani kwa mtu. Kavimvira, mpakani mwa Kongo, waliangalia kadi yangu ya homa ya manjano mbele na nyuma, wakanipitisha.

Kwenye teksi ya kuingia Uvira redio ilikuwa inasema Jumanne MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani Kongo, inafunga kambi yake ya Bukavu na kuondoka Kivu Kusini yote. Watu wa huku wengi bado wanasema Monuc, jina la zamani, la tangu 1999 hadi 2010. Dereva akasema bila kugeuka: "Banaenda na magari yabo, banaenda na bunduki zabo. Batoto banatuachia." Abiria walicheka. Mama aliyekaa pembeni yangu hakucheka, aliendelea kutazama nje dirishani.

Nimelala kwa ndugu wa ukoo wa mama yangu. Uvira na Kigoma ni mji mmoja uliokatwa na maji. Hapa nilijiona niko nyumbani.

Jumapili, 23 Juni. Uvira – Bukavu

Bonde la Ruzizi: Kiliba na mashamba yake ya miwa, Sange, Luvungi, Kamanyola. Sange abiria mmoja alinyamaza kwa heshima akanionyesha walipozikwa watu zaidi ya 200 walioungua lori la mafuta lilipolipuka mwezi wa saba 2010.

Kamanyola ndiko askari wa amani walikoanza kufunga virago. Tarehe 28 Februari mwaka huu Wapakistani waliikabidhi kambi yao kwa polisi wa Kongo. Nilimwomba dereva asimame nikanunua maji. Mama muuza ndizi aliniambia zamani alikuwa anauza mikungu mitatu kwa siku, sasa mmoja haumaliziki. Nikamuuliza kuhusu watoto. Akaniuliza, watoto gani? Kisha, baada ya kunirudishia chenji: "Bako. Lakini bamama yabo bamehama. Kubaki hapa ni kuonyeshwa kidole."

Hilo nimelifikiria hadi juu ya Ngomo, ambako barabara inapanda ukutani mwa mlima na mtu hufikiria uhai wake tu. Kambi ikifungwa, wanajeshi wanaondoka na anwani yao. Mwanamke aliyekuwa na lango la kwenda kuuliza sasa hana hata lango.

Bukavu nimepokelewa kwa kilio cha furaha. Dagaa wa Kigoma walikaangwa usiku huo huo.

Jumatatu, 24 Juni. Bukavu

Leo sikutoka. Nilitaka kuwaona kwanza kabla ya kuanza kubisha hodi ofisini.

Nyumba iko Kadutu, mlimani, vyumba viwili, bati na mbao. Humo wanaishi Mama Mdogo, dada yangu, binti na wadogo zake wawili waliozaliwa na mume aliyekuja baadaye akaondoka. Huyo mume alimwambia dada: wanangu nitawalisha, lakini huyu ana kwao. Maneno hayo nimeyasikia pia Kigoma, kwa watoto wa baba tofauti. Tofauti ni kwamba "kwao" kwa huyu binti hakuna mtu anayeweza kukuonyesha hata kwa kidole.

Dada aliniambia yote tukichambua sombe, yaani kisamvu. Mwaka 2008 alikuwa na miaka 22, anauza karanga na ndizi karibu na kambi. Askari akawa mteja, kisha akampangia chumba. Walikaa hivyo miezi minane. Zamu za wale askari ni za miezi sita, mwaka ukizidi sana. Alipomwambia ana mimba alimpa dola 100 na simu, wiki tatu baadaye ndege ikampeleka kwao. Jina analolijua ni la utani, lile wenzake walilomwita. Hana namba yake ya jeshi wala jina la ukoo.

"Alinipenda," dada alisema. Sikubishana naye. Najua kwamba tangu Oktoba 2003 Umoja wa Mataifa unakataza watu wake kutoa pesa au kitu ili wapate mwili wa mtu, na mahusiano na wenyeji wanaolindwa hayatakiwi. Najua pia kuwa mtu aliyeshiba na mtu mwenye njaa hawawezi kukubaliana sawasawa. Lakini miezi minane ile ni ya dada yangu, na si haki yangu kumpokonya kumbukumbu yake nikiwa nimekaa kwenye mkeka wake.

Alikwenda kulalamika mara mbili, binti akiwa na miaka miwili na akiwa na sita. Ofisi aliyoelekezwa waliandika, wakampiga mtoto picha, wakasema watapiga simu. Majirani walimwona akiingia langoni na kutoka. Kesho yake mwenye nyumba akapandisha kodi. Muuza unga akakataa kumkopesha: wewe una mzungu, unalilia nini? Sijui kama watu wa mbali wanaelewa jambo hili. Mtaani mtoto wa namna hii anaonekana ni hazina iliyofichwa. Mama yake hawaaminishi watu kwamba ana njaa.

Binti alirudi kutoka sokoni saa nane. Ni mrefu, mpole, anaangalia chini anapokusalimu. Kichwani alikuwa na kilemba. Usiku, wageni walipoondoka, alikifungua ili Bibi yake amsuke. Nywele zikaanguka hadi mabegani, laini, za mawimbi. Mama Mdogo alizigawa kwa kitana cha plastiki chenye meno mawili yaliyovunjika, akawa anaongea kama anayezungumza na nywele zenyewe. Alinieleza kwamba tangu mtoto akiwa na mwaka mmoja hadi alipofika miaka kumi alikuwa akimnyoa kwa wembe kila baada ya wiki mbili, aonekane kama wenzake. Ngozi ungeweza kusema ni ya familia fulani ya weupe. Nywele zilimtangaza.

"Shuleni wananiita Monuc," binti akasema. "Mwalimu pia?" nikauliza. "Mwalimu mmoja."

Mimi ni mwalimu. Nililala vibaya.

Jumanne, 25 Juni. Bukavu

Radio Okapi ilitangaza kufungwa kwa kambi: sherehe, hotuba, bendera. Zaidi ya miaka 20 katika mkoa huu. Sikwenda. Mama Mdogo alizima redio akasema anaumwa kichwa.

Badala yake nilikwenda kwa mwanasheria wa kike niliyetambulishwa na mtu wa kanisani. Alinieleza taratibu, bila kupamba. Kesi ya jinai dhidi ya askari wa kulinda amani iko mikononi mwa nchi yake. Kongo haiwezi kumshtaki. Suala la ubaba nalo huamuliwa kwa sheria za nchi ya baba. Umoja wa Mataifa unaweza kusaidia kukusanya sampuli za DNA na kupeleka faili, lakini hauwezi kumfanya mtu awe baba wala kujiamulia kumkata mshahara. Upo mfuko wa wahanga tangu 2016, unalipia miradi ya ushonaji, matibabu, masomo. Haumpi mama pesa mkononi. Tangu 2017 yupo pia mtetezi wa haki za wahanga huko New York. Yote hayo ni hatua. Ila bila jina la baba, faili la dada yangu linabaki karatasi.

"Sasa tuache kumtafuta yeye kwanza," akasema mwanasheria. "Mtafutieni mtoto baba hapa hapa. Sheria yetu inaruhusu."

Jumatano, 26 Juni. Bukavu

Mahakama ya watoto. Tulifika saa mbili, tukaonana na karani saa sita.

Mtoto wa Kongo anatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Ukipitisha, cheti hakitoki mpaka mahakama itoe hukumu. Dada hakumwandikisha kwa sababu, mwaka ule wa 2009, aliyekuwa mezani alimuuliza jina la baba kwa sauti ya juu na watu kwenye foleni wakaangua kicheko. Akageuka akaondoka. Kicheko cha dakika moja, na miaka 15 bila karatasi.

Uraia si tatizo. Sheria ya 2004 inasema mama Mkongomani anatosha. Lakini Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba. Asipopatikana aliyemzaa, mahakama inamteua baba wa kisheria, kwanza kutoka ukoo wa mama. Baba huyo anabeba wajibu wote wa baba kwa mtoto.

Nilifurahi mno niliposikia hivyo. Karani aliniangalia kwa huruma. "Mama Mwalimu, karatasi ni kazi yetu. Mwanaume wa kukubali, huyo ni kazi yenu."

Marehemu mume wa Mama Mdogo alikuwa Mhavu wa kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu. Dada ana kaka mmoja tu, mkubwa wake, yuko kisiwani anavua sambaza, samaki wadogo kama dagaa. Alipigiwa simu mara nne wiki hii. Hakupokea.

Alhamisi, 27 Juni. Ziwani

Mimi na binti tumepanda boti ya mbao inayopita Idjwi kabla ya kwenda Goma. Imejaa magunia. Tangu mwezi wa pili vita vimekata barabara karibu na Sake, na chakula kingi cha Goma sasa kinapita majini.

Juu ya gunia la unga wa muhogo alikaa mama wa miaka thelathini na kitu, mwanawe wa kiume amelala mapajani pake. Nilipomwomba binti anipitishie chupa ya maji, yule mama aligeuka.

"Weye ni mutu wa Tanzania?"

"Ndiyo, wa Kigoma."

"Unasema sawa baba ya mutoto yangu."

Huku "sawa" maana yake "kama". Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilitazama mtoto. Mtoto mweusi kama wote, mwenye usingizi mzito, hana nywele za kumtangaza. Yule mama anatoka upande wa Beni. Alikaa na mwanaume huyo mwaka 2014, zamu ikaisha. Alitoa daftari dogo lililofungwa kwa mpira, akanionyesha namba inayoanza na 255 na neno moja: "Mzee". Akaniomba nipige kwa simu yangu. Nilipiga. Namba haipatikani. Akanishukuru kana kwamba nimempa kitu.

Askari wetu waliingia Kivu Kaskazini mwaka 2013 na brigedi ya kupambana, pamoja na Waafrika Kusini na Wamalawi. Desemba 2017 tulipoteza vijana wasiopungua 14 usiku mmoja kambi yao ya Semuliki iliposhambuliwa, na nakumbuka shule yangu ilivyosimama kimya. Heshima yao siigusi. Lakini Aprili 2016 Umoja wa Mataifa ulitangaza pia tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya askari wa Tanzania, kijiji cha Mavivi karibu na Beni, na serikali yetu ikasema itachunguza. Sisi Watanzania tunapozungumza habari hizi tunapenda kumtaja Mhindi, Mwafrika Kusini, mzungu. Nimejikamata nikifanya hivyo wiki nzima.

Na kwetu sheria ipo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mama, au mtoto mwenyewe, kuiomba mahakama imtambue baba, na mahakama inaweza kuagiza kipimo cha DNA kwa Mkemia Mkuu. Nilimweleza. Alisikiliza kwa makini kisha akauliza Dodoma ni mbali kiasi gani na Goma, na huko atafikia kwa nani.

Nilimwandikia namba yangu kwenye daftari, chini ya ile nyingine.

Ijumaa na Jumamosi, 28 na 29 Juni. Idjwi

Kisiwa kimelimwa hadi ukingoni: migomba, kahawa, mananasi, nyumba, tena migomba. Vita vimekizunguka miaka 30 bila kukaa humo. Watu wamebanana. Mjomba wake binti ana kipande cha ardhi unachoweza kukizunguka kabla sigara haijaisha, na wana wanne.

Alitukaribisha vizuri, kwa sambaza wa kukaanga na bugali. "Hawa wametoka kwenu," akaniambia akinyoosha kidole kwenye sahani. Ni kweli, sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Sasa ziwa zima linaishi kwao.

Jioni nilimweleza tulichokuja nacho. Alinyamaza sana. Mkewe aliinuka akaenda jikoni akawa anagonga masufuria. Mjomba akasema ukweli wake, na nilimheshimu kwa kuusema mbele ya binti. Kwa Wahavu mtoto ni wa ukoo wa baba. Akitia sahihi leo, kesho wanawe watauliza: huyu dada anarithi nini? Na kijijini watamuuliza: umepewa dola ngapi?

"Jina la babu yangu si langu peke yangu," akasema. "Nitawauliza wazee."

Usiku binti hakulala. Nilimsikia akigeuka-geuka. Nilidhani analia, nikamuuliza kama anataka turudi. "Hapana," akasema. "Mama wa Kigoma, mtu asiye na ukoo anazikwa wapi?" Nilimwambia hayo si maswali ya miaka 15. Nimekosea kumjibu hivyo. Lilikuwa swali lake hasa, na mimi nilikuwa nimebeba habari za shule ya manesi.

Kumbe ukuta ni wa miti na udongo. Mjomba alisikia.

Jumamosi asubuhi wazee watatu walikaa chini ya mparachichi kwa saa nzima. Sikuitwa. Walipotawanyika, mjomba alimchukua binti peke yake, akampitisha nyuma ya kahawa, mahali walipolala babu yake na mama wa babu yake. Niliwaona kwa mbali. Alisimama akaonyesha nafasi kati ya miti miwili ya kahawa, akasema maneno machache. Baadaye binti alinirudia: "Amesema shamba la kunigawia hana. Lakini pa kulazwa hapakosekani, hapa ni pangu."

Mimi nilikasirika. Mtoto amekuja kutafuta jina la kuishi nalo, anaonyeshwa kaburi! Nilikuwa karibu kusema kitu. Kisha nikamtazama usoni. Alikuwa amekivua kilemba, amekikunja mkononi, na anatembea mbele yangu kuelekea ziwani akiwasalimu watu kwa Kihavu kibovu.

Jumapili, 30 Juni. Kurudi Bukavu

Siku ya Uhuru wa Kongo. Mjomba kaja nasi, na shati lake la kanisani amelibeba kwenye mfuko wa plastiki lisilowe. Sitakuwepo kesi ikiisha, nauli na siku zangu zimeniishia. Jumatano lazima nianze safari.

Jumanne, 2 Julai. Bukavu

Mahakamani tena. Dada, mashahidi wawili, mwanasheria, mjomba ndani ya shati lake. Leo ni kuandikisha ombi tu. Tarehe ya kusikilizwa imewekwa baadaye mwezi huu, na shule imekubali kungoja.

Karani alijaza fomu kwa kalamu. Jina la mtoto. Mahali. Mwaka. Akafika pale. Dada aliinamisha kichwa, naona kilikuwa kicheko cha mwaka 2009 kinamrudia. Karani hakupandisha sauti. Mjomba akataja jina lake, lote, na la baba yake, na la babu yake, ingawa fomu ilihitaji moja tu.

Karani akaandika. Binti alikuwa amesimama nyuma yake anasoma juu ya bega.

"Baba, samahani," akamwambia karani. "Umeacha herufi moja."

Karani akafuta, akaandika upya.